Mchora Vibao wa Bukoba na Ua Lililoitwa Shaban

Jua ndiyo kwanza linachomoza ng'ambo ya ziwa, na Hamidi Rutashobya ameshakunja mikono ya shati lake na kuketi kwenye kigoda nyuma ya banda la miche. Magotini ameweka kipande cha bati kilichokatwa kutoka debe la mafuta ya taa na kupakwa rangi nyeusi. Anachovya burashi nyembamba katika rangi nyeupe, anaifuta ukingoni mwa kopo, kisha anaandika taratibu, bila kupiga mstari kwanza: Mimosa pudica.

"Hiki ni kifauongo," anasema, macho yake hayaondoki kwenye bati. "Mimosa ni kitu kinachoigiza. Pudica ni chenye haya. Waliokipa jina walikigusa, wakaona kinavyojikunja kama mwali aliyeonwa na wakwe."

Nathanieli, mtunza bustani mwenzake kutoka Izimbya, anapita akisukuma toroli la samadi. Anasimama na kusoma kwa sauti: "Mimoza pyudika."

"Pu-di-ka," Hamidi anamrekebisha. "Kila herufi ina haki yake. Ipe."

Nathanieli anacheka, analirudia neno kama alivyoelekezwa, kisha anaendelea na toroli lake.

Wafanyakazi wa bustani hii ya Serikali mjini Bukoba wamekwisha kuzoea. Tangu mwaka 1929, kila mti, kila ua na kila mche wenye kibao hapa umeandikwa kwa mkono wa mtu huyu mmoja. Mshahara wake ni shilingi sabini na tano kwa mwezi, na humtosha yeye na mkewe kwa sababu ndizi za ebitoke, maharage na kahawa kidogo wanavipata kwenye kibanja chao, shamba la migomba kule Kitendaguro.

Hamidi sasa amepita miaka hamsini na mitano. Ni mtu mrefu, mwembamba, na mabega yameinama kidogo kwa kazi ya kuinamia bati. Ukimuuliza habari za majina ya mimea atazungumza mpaka chai ipoe. Ukimuuliza habari za jina moja, la ua dogo la milimani Muleba, ataanza kuosha burashi.

Mwandiko wake mzuri aliupata chuoni, alikosomea Kurani kwa mwalimu mmoja aliyetoka Pangani. Mwalimu huyo hakumwachia mtoto herufi ipite kombo. "Alikuwa akisema, ukiikosea herufi umeigeuza maana, na ukiigeuza maana umesema uongo hata kama hukukusudia," anakumbuka Hamidi.

Baadaye alisoma herufi za Kizungu shuleni, na ujana wake akautumia kuchora mabango ya maduka ya Wahindi: Fundi Cherehani, Nguo za Kila Namna, Sukari na Chumvi. Bango moja ndilo lililompa kazi. Bwana wa bustani alipita dukani, akalitazama kwa muda, akamuuliza mwenye duka ni nani aliyeliandika.

Miaka ya mwanzo Hamidi aliandika bila kuelewa lolote. Alipewa karatasi, akanakili kama ilivyo. "Nilikuwa kasuku wa mkono," anasema.

Aliyemfungua macho ni Bwana Kersley, mtaalamu wa mimea ambaye watu wote wa Bukoba walimwita Bwana Majani. Huyu alikuwa akitembea nchi nzima kwa miguu akikusanya majani na maua, akiyabana kati ya mbao na magazeti hadi yakauke. Alimchukua Hamidi katika safari zake ili amwandikie vipande vya karatasi vya kufunga kwenye kila jani. Jioni, wakikaa mbele ya hema, alimfundisha maana kwa Kiingereza chepesi.

Hamidi akajifunza kwamba alba ni nyeupe na repens ni yenye kutambaa. Edulis ni ya kuliwa. Sativa ni ile iliyopandwa na watu, na vulgaris ni ya kawaida tu, iliyozagaa.

Watu wanaotembelea bustani hupenda zaidi kibao cha mgomba. Kimeandikwa Musa sapientum, na wengi hudhani ni mgomba wa Nabii Musa. Hamidi huwaambia kwamba yeye humo anasikia mauzi, neno la Kiarabu la ndizi, lililosafiri mpaka likavaa nguo za Kilatini. Sapientum ni "ya wenye hekima".

"Mhaya akisikia kwamba ndizi ni ya wenye hekima, anaona Wazungu safari hii wamesema kweli," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Matamshi nayo yalimsumbua. Bwana Majani alisema Sitras kwa mti wa limau, Citrus. Padri mmoja wa misheni aliyekuja kuomba miche alisema Chitrus. Hamidi akamuuliza bwana wake ni yupi anayesema sawa. Bwana Majani akamjibu kwamba wenye lugha ile walikufa zamani, na hakuna aliyebaki wa kuwasahihisha.

"Basi nikasema, kama wenyewe wamekufa, nitawasomea kama nilivyofundishwa chuoni. Kila herufi nitaitamka. Nasema Kitrus. Padri alicheka, lakini alikiri kwamba huenda wale wa kale walisema hivyohivyo."

Habari ya ua la Muleba inaanza katika moja ya safari hizo, mwaka 1937.

Mke wa Hamidi ni Zuena binti Rugaibula, mzaliwa wa kijiji kilicho chini ya majabali ya Kamachumu, huko Muleba. Mwaka ule alikuwa amekwenda kwao kumuuguza mama yake. Bwana Majani naye alikuwa amepiga hema karibu na hapo, akitafuta maua madogo ya jamii aliyoiita Impatiens, yanayopenda mawe yenye maji. Siku zilipita, akapanda na kushuka majabali, na hakupata jipya.

Hamidi alikwenda kuwajulia hali wakwe zake, na katika mazungumzo akamsimulia mkewe taabu ya bwana wake. Akamweleza kwamba Impatiens ni "isiyo na subira", kwa kuwa mbegu zake zikiiva, ukizigusa tu ganda linapasuka na kuzirusha.

Zuena alisikiliza akiendelea kumenya ndizi. Kisha akasema, "Hicho si kile tulichokuwa tukichezea utotoni? Kiko nyuma ya maporomoko, pale maji yanapodondoka. Tulikuwa tukikibana mkononi kinaruka."

Kesho yake alikwenda na mtungi wake kuteka maji, akarudi na shina moja la ua lililofungwa katika jani la mgomba. Lilikuwa jeupe lenye kuelekea wekundu, lina mkia mwembamba nyuma, na kooni lina vidoa kama vya damu. Hamidi akampelekea bwana wake.

Bwana Majani alilitazama kwa kioo chake cha kukuzia, akaketi chini, hapohapo kwenye umande. Alipoinua kichwa macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Nani ameliona?" akauliza.

"Mama Shaban," Hamidi akajibu.

Bwana Majani, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai na kuulizia njia, akatoa kalamu na kuandika jina lile alilolisikia vizuri zaidi: Shaban.

Hamidi anaeleza jibu lake kwa upole, kama mtu aliyelieleza mara nyingi moyoni mwake. "Kwetu mtu hamtaji mkewe kwa jina lake mbele ya wageni. Ni Mama Fulani. Sikuwa namficha. Nilikuwa namheshimu."

Mwaka uliofuata Bwana Majani alirudi kwao Uingereza. Siku ya kuondoka, gatini, mizigo ikiwa imekwisha kupakiwa melini, alimwita Hamidi kando na kumpa kipande cha karatasi. Alisema, "Ua letu nimelipa jina la aliyelipata. Lichoree kibao."

Hamidi akasoma: Impatiens shabanii.

Kufikia wakati huo alikwisha kujua kanuni. Ua likipewa jina la mtu, jina lile huongezewa mkia. Mkia wa mwanamume ni i, na baada ya herufi kama n huwa i mbili. Mkia wa mwanamke ni ae. Ua lile lilipaswa kuitwa zuenae, la Zuena. Badala yake liliitwa shabanii, la Shaban, mwanamume. Na Shaban mwenyewe, kijana wao wa pekee, siku ua lilipookotwa alikuwa shuleni Bukoba, hajawahi hata kuyaona maporomoko yale.

"Niliona kosa palepale," anasema Hamidi. "Meli ilikuwa bado imefungwa. Ningeweza kusema, Bwana, si Shaban, ni mama yake, anaitwa Zuena. Maneno machache tu. Lakini watu walikuwa wamejaa gatini, makarani, wapagazi, vijana wa mjini. Nikaona haya kulitaja jina la mke wangu kwa sauti mahali kama pale. Nikasema moyoni, nitamwandikia. Nikasema, Ahsante, Bwana."

Hakumwandikia. Mwanzoni alijiambia anatafuta maneno mazuri ya Kiingereza. Kisha ikaonekana kwamba Shaban, aliyekuwa na miaka kumi na sita, amelifurahia jina hilo kupita kiasi. Alikuja bustanini na wenzake wa shule kuwaonyesha kibao. Alilisoma kwa kila namna, kwa Kiingereza kama Bwana Majani, kwa Kilatini kama padri, na mwisho kama baba yake: Sha-ba-ni-i.

"Kijana alikuwa hana subira," anasema Hamidi. "Hata chakula alikula amesimama. Nikaona jina limemkaa. Nikamwachia."

Miche ya ua lile iliyoletwa kutoka Kamachumu ilikufa katika kiangazi cha pili. Bustani iko chini mno, karibu na ziwa, na joto lake halikuifaa.

Vita vilipoanza, Shaban alikuwa karani katika duka la kununulia kahawa. Hamidi alikuwa safarini Biharamulo na bwana mwingine wa mimea pale lori la kuandikisha askari lilipopita mjini. Aliporudi nyumbani alimkuta mkewe amekaa barazani, mikono mitupu.

"Amekwenda," Zuena alimwambia. "Nilimwomba akusubiri, akasema lori halisubiri."

Shaban alipelekwa Nairobi, kisha akavushwa bahari na askari wenzake wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mpaka Burma. Waliletewa habari zake mara chache. Mwaka 1944 tarishi wa ofisi ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuja Kitendaguro na kuwaambia wafike ofisini. Karani aliwasomea kwamba Shaban bin Hamidi hakuonekana baada ya mapigano ya kuvuka mto fulani.

"Zuena alimuuliza karani, hakuonekana ndiyo kusema amekufa? Karani akasema, Mama, imeandikwa hakuonekana. Akamuuliza tena. Karani akajibu vilevile. Tukarudi nyumbani."

Jirani walikuja kukaa nao. Shehe alisoma dua. Lakini Zuena hakukubali matanga yamalizwe kama ya mtu aliyezikwa, na tangu siku hiyo hakukubali pia mtu amwite kwa jina jingine lolote ila Mama Shaban.

Miaka ikapita. Hamidi aliendelea kuchora vibao. Bwana Majani alikufa kwao mwaka 1950, bila kukitoa kitabu cha mimea ya Bukoba alichokuwa akikikusudia maisha yake yote. Hamidi alipopata habari hiyo alidhani neno la ua limekwisha. Kosa lake, aliona, limezikwa pamoja na aliyeliandika.

Halikuzikwa. Mwezi wa Julai mwaka huu wa 1953, mwanamke wa Kiingereza mwenye miaka kama arobaini aliteremka kutoka melini, akaja bustanini na mfuko begani. Jina lake ni Bibi Marston. Yeye ndiye aliyerithi makaratasi na majani makavu ya Bwana Majani, naye anakimalizia kitabu kile.

Alimkuta Hamidi palepale penye kigoda chake. Akamwamkia kwa Kiswahili kizuri alichojifunza Nairobi, akamuuliza, "Mzee, huyu Shaban aliyeliona ua la Kamachumu, naweza kukutana naye?"

Hamidi aliiweka burashi ndani ya kopo. Anasema alihisi kama mtu aliyekuwa akimngojea mgeni kwa miaka mingi, na mgeni alipofika akamkuta hajajitayarisha. Akamweleza yote, tangu mwanzo: jibu alilompa Bwana Majani, gati, vita. Safari hii hakusema Mama Shaban. Alisema Zuena.

Bibi Marston alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia jambo ambalo Hamidi hakulijua. Jina la ua halihesabiki kuwa jina mpaka lipigwe chapa kitabuni pamoja na maelezo yake. Bwana Majani alikuwa ameliandika kwa mkono tu, kwenye karatasi iliyobandikwa jani kavu.

"Kwa hiyo ni kama mtoto asiyefanyiwa akika," Hamidi akasema.

"Sijui akika ni nini," Bibi Marston akajibu, "lakini kama ni siku ya kupewa jina, bado. Naweza kuandika zuenae. Likishapigwa chapa halibadiliki tena, hata mimi nikitaka, hata malkia akitaka."

Alikuwa na siku chache kabla ya meli kurudi. Kwanza alitaka kuliona ua lenyewe likiwa hai. Wakapanda na lori hadi Kamachumu, yeye na Hamidi, wakateremka kwa miguu hadi kwenye maporomoko.

Hamidi hakupatambua. Bei ya kahawa ni nzuri miaka hii, na watu wamefyeka msitu na kupanda mikahawa hadi kwenye ukingo wa kijito. Kilikuwa kiangazi. Maji yalidondoka membamba, na nyuma yake, pale palipokuwa na majani ya kijani kibichi, jiwe lilikuwa kavu na jeupe. Walitafuta hadi jioni. Bibi Marston alitambaa kwa magoti, akachokora kila ufa. Hawakupata hata jani.

Njiani kurudi Bibi Marston alisema itambidi aandike kitabuni kwamba ua hilo halijaonekana tena tangu mwaka 1937, na kwamba huenda limetoweka.

Kesho yake alikwenda Kitendaguro. Zuena alimkaribisha ndani, akamkalisha kwenye mkeka, akamwekea mbele kikapu kidogo cha akamwani, buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo mgeni hutafuna kabla ya neno lolote. Bibi Marston alitafuna. Zuena alimtazama anavyotafuna, akaridhika.

Hamidi ndiye aliyeanza. Alisema, "Mama Shaban, lile ua nililolitoa mikononi mwako wakati ule, nililipeleka bila jina lako. Kosa ni langu. Huyu Bibi amekuja kulirudisha kwako."

"Najua," akasema Zuena.

"Unajua nini?"

"Najua kwamba lilikuwa langu. Shaban alinisomea. Alitoka bustanini siku ileile uliyochora kibao, akaniambia, Mama, kwa kanuni ya Baba mwisho wa jina ungekuwa wa mwanamke, nami nimebandikwa tu. Alisema akimwona tena Bwana Majani atamwambia alirekebishe. Kisha akacheka, akasema lakini kwa sasa ngoja niringe nalo."

Hamidi anasema alishindwa kumtazama. Miaka kumi na mitano alikuwa akidhani analificha neno ambalo watu wawili wa nyumba yake walikuwa wakilijua, nao wakamwachia asiaibike.

Bibi Marston akainama mbele kidogo. "Basi mwanao mwenyewe alitaka liwe lako," akasema. "Nami nataka. Ni haki yako, Mama. Wewe ndiye uliyeliona."

Zuena aliuliza jina hilo, likiandikwa kwake, litatamkwaje. Bibi Marston akalitamka kwa namna ya Kiingereza. Zuena akamgeukia mumewe.

"Zu-e-na-e," akasema Hamidi.

"Na la sasa?"

"Sha-ba-ni-i."

Zuena akalirudia la pili, polepole, herufi kwa herufi. Akauliza ni watu wangapi watakaolisoma. Bibi Marston akasema hajui, lakini kitabu kitawekwa katika miji mingi, na kila atakayetaka kulitaja ua hilo, awe Mjerumani au Mjapani, atalitaja kwa jina hilohilo moja.

"Basi liacheni," akasema Zuena. "Mimi nina jina langu, na nikiitwa naitika. Yeye anaitwa haitiki. Acheni aitwe."

Hamidi alijaribu. Alimwambia kwamba kweli ni kweli, kwamba alifundishwa tangu utoto kutogeuza herufi, kwamba sasa amepewa nafasi ya kunyoosha alichokipinda, na nafasi kama hiyo hairudi. Alimwambia hata neno ambalo hakuwahi kumwambia, kwamba amekuwa akilisoma jina la zuenae peke yake, bustanini, miaka yote ile.

"Ulilisoma mahali nisipolisikia," akasema Zuena. Hakulisema kwa hasira. "Sasa nimelisikia. Limenitosha. La kitabuni mwachie mwanao."

Bibi Marston alimtazama Hamidi, na Hamidi akamtazama mkewe, kisha akatikisa kichwa kukubali. Siku ya meli alimsindikiza mgeni hadi gatini. Akamwomba jambo moja tu: kama kuna nafasi chini ya jina, hata mstari mmoja, aandike kwamba ua liliokotwa na Zuena binti Rugaibula. Mgeni aliahidi kujaribu. Alieleza kwamba wapiga chapa huhesabu maneno, na kwamba mahali pale hukaa Kilatini kitupu.

"Sijui kama mstari wenyewe utapita," anasema Hamidi. "Na hata ukipita, mstari ni mstari. Jina ni jina."

Hajalaumu mtu. Bwana Majani, anasema, aliandika alichosikia. Padri, mabwana wa mimea na Bibi Marston wote walimfundisha kitu. Linalomuuma ni dogo na halina pa kupelekwa: kwamba kwa miaka mingi amewasahihisha watu wazima juu ya i na ae, akamsimamisha Nathanieli na samadi yake kwa ajili ya neno moja, na siku neno lilipokuwa lake mwenyewe alilimeza.

"Watu wananiambia nina bahati, mwanangu ameandikwa Ulaya," anasema. "Nawaitikia. Nitawaeleza nini? Mwanangu hakuliona ua lile hata mara moja. Na mimi nilipata nafasi mbili za kumtaja mama yake, moja nikaikataa mwenyewe, nyingine akanikatalia yeye."

Jua sasa limepanda, na rangi kwenye bati imekauka. Hamidi ananyanyuka, anakipeleka kibao penye tuta la kifauongo, anakichomeka ardhini na kukikanyagia udongo kwa kisigino. Mwakani atastaafu. Bado haijulikani ni nani atakayeandika vibao baada yake. Husemwa kwamba vitaagizwa Nairobi vikiwa vimekwisha kupigwa chapa kwa mashine.

Akiulizwa atafanya nini akipumzika, hataji kahawa wala kibanja. Anataja Kamachumu.

Usiku ule mgeni alipoondoka Kitendaguro, Zuena alimuuliza mumewe Bibi Marston ataandika nini juu ya ua lenyewe, mbali na jina. Hamidi akamwambia: kwamba halijaonekana, kwamba huenda limetoweka.

"Mlikwenda wakati gani?" akauliza.

"Si unajua, jana tu, kiangazi hiki."

"Kiangazi halitoki. Mbegu zake zinalala ndani ya nyufa za jiwe, zinangoja mvua kubwa. Wewe na Bibi yako mlitafuta wapi?"

"Nyuma ya maporomoko, kama ulivyosema."

"Nyuma ya maporomoko kuna pango dogo upande wa kushoto, mtu mzima haingii ila kwa ubavu. Hukuniuliza." Kisha akaongeza, "Hata karani wa Bwana Shauri alisema hakuonekana. Hakuna aliyeniambia ni nani aliyetafuta, wala alitafuta wapi."

Mvua za vuli zimeanza kudondoka juma hili. Hamidi amekwisha kuomba ruhusa, na dereva mmoja wa lori la kahawa amekubali kuwachukua hadi Kamachumu. Watalala kwa ndugu zake Zuena na kungoja mvua ishike vizuri. Hii itakuwa mara yao ya kwanza kwenda kwenye maporomoko pamoja.

"Asubuhi yeye atatangulia, maana njia anaijua yeye," anasema Hamidi, akijifuta rangi vidoleni kwa tambara. "Mimi nitafuata nyuma. Akilikuta, atalikuta yeye. Asipolikuta, amesema tutarudi masika."